Kutoka tawi la mkole hadi upinde: kazi ya mikono kwa mzazi na mtoto

Jina la Haneti, katika Wilaya ya Chamwino, kaskazini ya jiji la Dodoma, limejulikana zaidi kwa vilivyo chini ya ardhi yake. Wachimbaji wadogo wamekuwa wakitoa katika vilima vya huko mawe ya kijani ya vito. Makala haya yanahusu kitu kinachoota juu ya ardhi hiyo hiyo na kisichohitaji kuchimbwa: tawi la mkole, mti mdogo wa vichaka vya nyanda kavu za kati. Watoto wanaujua kwa vijitunda vyake vinavyoliwa, na mafundi wa zamani waliujua kwa fimbo, mipini na pinde.

Wazazi wengi wanalalamika kwamba likizo za shule zimekuwa mzigo. Mtoto aliyemaliza muhula hukaa na simu kuanzia asubuhi hadi jioni, na akirudi shuleni hana alichokitengeneza kwa mikono yake. Kuchonga upinde ni kazi moja inayoweza kuziba pengo hilo. Haihitaji mashine wala fedha nyingi. Inahitaji tawi, kisu, mkaa wa kuwekea alama, na watu wawili wenye subira. Tena kalenda ya shule zetu inaendana nayo vizuri: tawi hukatwa katika likizo ya Juni, wakati wa kiangazi, likakauka katika muhula wa pili, na likachongwa katika likizo ya Desemba.

UFUNDI WA ZAMANI WA NYANDA ZA KATI

Hapana haja ya kwenda mbali kutafuta historia ya upinde. Katika miamba ya Kolo, wilayani Kondoa, ipo michoro ya kale inayoonyesha wanyama na watu, na baadhi ya watu hao wameshika pinde. Mtafiti Mary Leakey aliinakili mingi ya michoro hiyo mwaka 1951, na mwaka 2006 eneo hilo liliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Magharibi ya hapo, wilayani Chemba, wanaishi Wasandawe, ambao uwindaji wa upinde ulikuwa sehemu ya maisha yao kwa vizazi vingi. Zaidi ya hapo, kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wangali wanachonga pinde zao wenyewe mpaka leo. Kwao mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo angali na umri wa miaka 3 hivi, naye hukua nao, akibadilishiwa mkubwa zaidi kadiri mikono yake inavyopata nguvu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba pinde hizi zote ni za kipande kimoja cha mti. Waturuki wa dola ya Uthmaniya, ambao mjini Istanbul walikuwa na uwanja maalumu wa kurushia mishale, walitumia pinde fupi zilizounganishwa kwa mti, pembe na kano za wanyama, zikashikanishwa kwa gundi. Huo ni ufundi wa miaka mingi, na haumfai anayeanza. Upinde wa nyanda zetu ni mti peke yake. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kuujaribu, na ndiyo maana pia kosa lolote la mchongaji huonekana waziwazi, kwa kuwa hakuna gundi wala pembe ya kulificha.

UPINDE KATIKA SUNNA

Kwa familia ya Kiislamu, kazi hii ina uzito zaidi ya mchezo. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Uqba bin Amir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.), alipokuwa juu ya mimbari akisoma aya ya 60 ya Suratul Anfal inayoamrisha kuandaa nguvu, alieleza mara tatu kwamba nguvu hiyo ni kurusha mishale. Ipo pia riwaya katika Abu Daud na Tirmidhi inayosema kwamba kwa mshale mmoja Allah huwaingiza Peponi watu watatu: aliyeutengeneza akikusudia kheri, anayeurusha, na anayempatia mrushaji. Tazama, ndugu msomaji, nani ametajwa wa kwanza. Ni fundi, aliyekaa kivulini na kisu chake kabla ya wengine wote.

Wala jambo hili si la wavulana peke yao. Nusayba bint Ka'ab, maarufu kwa jina la Ummu Umara (r.a.), alisimama katika vita vya Uhud akimkinga Mtume (s.a.w.) kwa upanga na upinde. Binti anayetaka kujifunza kuchonga asiambiwe kwamba si kazi yake.

KUPATA TAWI BILA KUUA MTI

Hatua ya kwanza ndiyo inayoharibiwa na wengi, kwa sababu wanaanza na panga kabla ya ruhusa. Tawi lina mwenyewe. Kama liko katika shamba la jirani, aombwe jirani. Kama liko katika ardhi ya kijiji, uulizwe uongozi wa kijiji. Ama msitu wa hifadhi, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu mtu kukata humo bila kibali. Mtoto anayemwona baba yake akiomba ruhusa kwa ajili ya tawi moja tu amekwisha kupata somo kabla ya kisu kutoka mfukoni.

Mkoa wa Dodoma unaijua vizuri thamani ya mti. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika maeneo ya Kondoa yaliyokuwa yamemomonyoka vibaya, ili majani na miti vipate kurudi. Katika miaka ya karibuni taasisi ya LEAD Foundation, yenye makao yake Mpwapwa, imekuwa ikiwafundisha wakulima wa mkoa huu njia iitwayo Kisiki Hai. Mkulima haoteshi miche mipya, bali hutafuta kisiki ambacho mizizi yake ingali hai, akachagua machipukizi machache yenye nguvu, akapogolea mengine, akayawekea alama yaliyobaki, kisha akayalinda.

Hapo ndipo mchongaji anayeanza anapopata bahati yake. Machipukizi yanayotoka katika kisiki hukua yamenyooka kwa sababu yanashindania mwanga, na huwa na vifundo vichache. Yale ambayo mkulima angeyapogolea na kuyatia jikoni ndiyo yanayofaa kwa upinde, mradi yamefikia unene wa kifundo cha mkono wa mtu mzima. Hivyo tawi lako linaweza kupatikana kwa kazi ileile inayouponya mti.

Chagua lililonyooka kwa urefu wa sentimita 150 hadi 170 kwa mtu mzima, au sentimita 120 hivi kwa mtoto wa miaka 10. Tazama mistari ya gome. Ikipanda moja kwa moja, nyuzi za ndani pia zimenyooka. Ikizunguka tawi kama kamba iliyosokotwa, liache. Epuka kifundo kikubwa, ufa, na tundu la mdudu. Ikiwa hukuupata mkole, jaribu kijiti cha mti ulionao chenye unene wa kidole. Kikunje polepole, kikivunjika ghafla kama chaki, mti huo haufai, na kikipinda kisha kikarudi, unaweza kuujaribu.

KUSUBIRI MTI UKAUKE

Methali yetu inasema samaki mkunje angali mbichi. Kwa mti wa upinde mambo ni kinyume. Tawi bichi ukilikunja hubaki limekunjika, kwa kuwa nyuzi zake zimejaa maji na hazina nguvu ya kurudi. Upinde uliovutwa kabla ya kukauka huonekana mzuri siku ya kwanza, na baada ya wiki unakuwa kijiti kilichopinda, kisichoweza kusukuma mshale.

Mara baada ya kukata, paka ncha zote mbili nta, rangi au mafuta mazito. Maji hutoka upesi zaidi kupitia nchani, na ncha zikikauka kabla ya katikati, tawi hupasuka. Kisha liweke kivulini mahali penye hewa, juu ya vijiti viwili lisiguse ardhi. Usilianike juani. Jua la Dodoma litalikausha haraka, lakini litakurudishia nyufa. Ukitaka kupunguza muda, chonga upande mmoja kidogo lingali bichi ili libaki nusu ya unene, kisha lifunge kwenye ubao ulionyooka lisijipinde.

Utajuaje limekauka? Ipo njia rahisi. Lipime katika mizani ya duka mara moja kwa wiki na mtoto aandike uzito katika daftari. Mwanzoni uzito utashuka kila wiki, kisha utashuka kidogo, na mwishowe utasimama. Uzito ukisimama kwa wiki tatu mfululizo, kazi ya kuchonga inaweza kuanza.

MGONGO NA TUMBO

Upinde una pande mbili ambazo hazifanani kazi. Upande unaotazama shabaha huitwa mgongo, na unaomtazama mrushaji ni tumbo. Upinde unapovutwa, nyuzi za mgongo hunyooshwa na nyuzi za tumbo hubanwa. Mgongo ndio wenye hatari, kwa maana uzi mmoja wa mti ukikatika pale, ufa huanza na upinde wote huenda.

Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ni hii: mgongo usichongwe. Ondoa gome tu, taratibu, bila kukwaruza mti ulio chini yake. Kuchonga kote kufanyike upande wa tumbo na pembeni. Tawi huwa limepinda kidogo kwa asili. Jaribu kulifanya liwe na mgongo upande wenye vifundo vichache zaidi.

Pima katikati ya tawi na uchore kwa mkaa sentimita 10 za mahali pa kushika. Hapo paache unene wake, wala pasipinde. Kutoka hapo kwenda kila ncha ni mabawa mawili ya upinde. Chonga tumbo la kila bawa lipungue unene kidogo kidogo kutoka kwenye kishikio kuelekea ncha, mpaka ncha ifikie unene wa kidole. Tezo au shoka dogo vinafaa kwa hatua ya mwanzo. Baada ya hapo tumia kisu na tupa, na mwisho kipande cha msasa. Shoka na tezo vishikwe na mtu mzima. Mtoto apewe tupa na msasa, na akifundishwa vizuri, kisu kinachosukumwa kwenda mbele, mbali na mwili wake.

Mti ulioondolewa haurudi. Fundi seremala anaweza kuongeza ubao, na mshonaji anaweza kutia kiraka, lakini mchonga upinde ana njia moja tu, nayo ni kupunguza. Ndiyo maana mikono ya pupa haipati upinde.

KUSAWAZISHA MABAWA

Sasa tumefika kwenye kiini cha kazi. Karibu na kila ncha, kata pembeni vijikato viwili vidogo vya kukalia kamba, bila kugusa mgongo. Funga kamba ndefu iliyolegea kutoka ncha hadi ncha. Weka kishikio juu ya kigingi imara cha ukutani, mgongo ukiwa juu, kamba ikining'inia chini. Mmoja avute kamba kwa upole, sentimita chache tu, na mwingine asimame hatua nne nyuma akitazama. Mzazi avute na mtoto awe mtazamaji, kwa sababu macho ya mtoto huona kisha husema bila kuficha.

Anachotafuta ni umbo la mwezi mwandamo. Mabawa yote mawili yapinde sawa, na kila sehemu ya bawa ichukue fungu lake la mpindo. Penye unyoofu kama fimbo, pana ugumu; weka alama ya mkaa upande wa tumbo na upunguze hapo tu. Penye kona kali, usiguse kabisa. Punguza kidogo, vuta mara ishirini au thelathini ili mti uzoee, kisha tazama tena. Usivute kupita pale ambapo kasoro imeanza kuonekana. Ukiona kasoro, simama uirekebishe kwanza, ndipo uendelee. Kazi hii peke yake inaweza kuchukua siku nne au tano, na haina njia ya mkato.

Anayeanza huogopa sehemu nyembamba na kudhani kwamba ndipo patakapovunjika. Mara nyingi chanzo kiko pengine. Sehemu ngumu iliyo jirani imekataa kupinda, na mzigo wake wote umehamia hapo penye wembamba. Dawa yake ni kupunguza ule ugumu, ili kila sehemu ibebe kwa kadiri yake. Kumwongezea nguvu anayeteseka haiwezekani katika mti. Kinachowezekana ni kumfanya asiyebeba naye abebe.

Mzazi atakayelielewa jambo hili kwa mikono yake ataitazama nyumba yake kwa jicho jingine. Katika familia nyingi yupo mtoto mmoja, aghalabu binti mkubwa, anayeteka maji, anayepika, anayebeba mdogo mgongoni, na ndiye anayegombezwa anapochoka. Siku akikasirika au akianguka darasani, wazazi husema mtoto huyu ni dhaifu. Huenda si dhaifu. Huenda wengine wameachwa wakae kama vijiti vilivyonyooka. Mtume (s.a.w.), kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Nu'man bin Bashir (r.a.), alikataa kuishuhudia zawadi ambayo baba alimpa mwanawe mmoja na kuwaacha wengine, akaamrisha uadilifu baina ya watoto. Ikiwa uadilifu unatakiwa katika zawadi, basi katika mzigo pia unatakiwa.

UPOTE, MSHALE NA ADABU ZAKE

Kamba ya upinde huitwa upote. Wahadzabe huufanya kwa kano za wanyama. Anayeanza anaweza kusokota nyuzi za katani, au kutumia uzi wa nailoni uliokunjwa mara kadhaa. Upinde ukishatiwa upote, nafasi kati ya kishikio na kamba iwe sawa na ngumi yenye dole gumba lililosimama. Upinde wa sentimita 150 usivutwe kupita sentimita 60, na wa mtoto uvutwe kwa kiasi pungufu kulingana na urefu wake. Usiuvute na kuuachia bila mshale, kwani nguvu ambayo ingekwenda na mshale hurudi katika mti na kuuvunja. Ukimaliza, vua upote; upinde unaokaa na kamba usiku na mchana huchoka. Upake mafuta mara kwa mara, hasa wakati wa upepo mkavu.

Mishale ya mtoto iwe ya vijiti vyepesi vilivyonyooshwa juu ya moto mdogo, nyuma yake vitiwe manyoya ya kuku, na mbele visiwe na chembe cha chuma bali kifundo cha kitambaa. Shabaha iwe gunia lililojazwa majani makavu, liwekwe mbele ya kingo ya udongo, kwa umbali wa hatua nane au kumi. Mtu yeyote asisimame mbele ya mstari wa kurushia, wala mtoto asirushe peke yake bila mtu mzima.

Shabaha isiwe kiumbe hai. Ibn Umar (r.a.) aliwapita vijana waliomweka ndege wakimrushia mishale, akawakemea kwa kuwaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Kuku wa jirani, kenge wa kwenye kichaka na njiwa wa juu ya bati wote wamo humo. Ama kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kijana asidhani kwamba upinde wa mti si silaha mbele ya sheria. Adabu nyingine ni ya msikitini na sokoni: Mtume (s.a.w.) aliamrisha anayepita na mishale mahali hapo azishike ncha zake asije akamjeruhi mtu.

UPINDE UKIVUNJIKA

Upinde wa kwanza mara nyingi huvunjika, na wazazi wajiandae kwa siku hiyo. Mtoto asichekwe wala vipande visitupwe. Vikusanywe na kuulizwa maswali. Umevunjika wapi? Je, kulikuwa na kifundo kilichopuuzwa? Je, mgongo ulikatwa na kisu? Je, bawa la pili lilikuwa gumu mno? Jibu karibu siku zote limo ndani ya vile vipande, na anayelisoma atachonga wa pili vizuri zaidi. Ndiyo sababu, ikiwa ruhusa uliyopewa inakuwezesha, ni vyema Juni kukata matawi mawili au matatu badala ya moja, na kuandika juu ya kila moja tarehe lilipokatwa.

Na kile kisiki mlichopogolea kisisahauliwe. Machipukizi mliyoyaachia yafungiwe kitambaa cha rangi ili mchunga mbuzi na mchoma mkaa wajue kwamba yana mwenyewe. Mtoto apewe jukumu la kuyatembelea kila likizo na kuyapima unene kwa kamba. Miaka michache baadaye, Allah akipenda, mdogo wake atakapofikia umri wa kushika tupa, watakwenda pamoja kwenye kisiki hicho hicho, wataomba ruhusa, na watakuta tawi linawangoja.